Kabla ya Kuchagua Mtego

Wahenga walinena kuwa mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Mwanafunzi anayesimuliwa katika insha hii alikuwa miongoni mwa wasiokuwamo. Alikuwa katika mwaka wake wa tatu, akisomea ualimu wa Kiswahili katika mojawapo ya vyuo vikuu vya humu nchini, na hakuwa mtu wa michezo ya tarakilishi. Jioni moja mwenzake wa bwenini alimwonyesha, kwenye kipakatalishi chake, ramani ya ufalme wa kubuni uliovamiwa na panya. Alimwomba alipige baragumu kwa niaba yake wakati yeye akienda kuoga. Alilipiga. Dakika kumi na tano baadaye mwenzake alikuwa bado hajarejea, naye akalipiga tena bila kuombwa. Kabla ya wiki hiyo kwisha, alikuwa amejiandikisha kwa jina lake mwenyewe.

Mchezo huo huitwa MouseHunt. Uliundwa na kampuni ya HitGrab ya nchini Kanada, na ulianza kuchezwa mwaka wa 2008 kupitia mtandao wa Facebook. Mchezaji huwa mwindaji aliyeajiriwa na mfalme wa Gnawnia ili awapunguze panya wanaoihangaisha himaya yake. Tofauti na michezo mingi ya aina hii, ambayo hutaka wepesi wa vidole, huu hutaka subira. Mwindaji hutega, kisha hungoja. Kila baada ya dakika 15 huruhusiwa kulipiga baragumu la kuanzisha windo, na hata mtu asiyelala kabisa hawezi kulipiga zaidi ya mara 96 kwa siku. Aidha, mtego hujikagua wenyewe mara moja kila saa, mwenyewe awe macho au awe usingizini. Kwa hivyo, uhondo wa mchezo huu haumo katika kucheza. Umo katika kuchagua: ni mtego upi, kwa chambo kipi, na katika eneo lipi?

Mtego wenyewe huundwa kwa vitu vitatu. Cha kwanza ni silaha, yaani kile kinachomnasa panya. Cha pili ni kitako ambacho silaha hukaa juu yake. Cha tatu ni jibini, ambayo ndiyo chambo. Silaha na kitako huwa na sifa zinazojumlishwa pamoja: nguvu, nyongeza ya nguvu kwa asilimia, mvuto wa kumleta panya karibu, bahati, na uwezo wa kuizuia jibini isichache upesi. Juu ya sifa hizo zote kuna jambo moja zaidi, nalo ni aina ya nguvu. Ziko silaha za mabavu, za mbinu, za maji, za kivuli, za mizungu na za joka, miongoni mwa nyingine. Mwindaji huenda kwa mhunzi wa mitego akiwa na dhahabu aliyochuma, akasimama mbele ya orodha ndefu ya silaha, kila moja na bei yake na takwimu zake. Hapo ndipo kijana wetu alipopotelea.

Hapo mwanzo alichagua kama wanavyochagua wanunuzi wengi: alitazama nguvu tu. Iliyokuwa na nambari kubwa zaidi ndiyo iliyokuwa bora machoni pake. Alijinyima kwa majuma kadhaa, akawa anawinda panya wadogo wa mashambani kwa jibini ya bei ya chini, akiweka akiba ya dhahabu hadi akaweza kununua silaha ya mabavu aliyoitamani. Ilikuwa ni chuma kizito chenye miiba, kinachomwangukia panya kutoka juu. Kwa muda mfupi alijiona amefika. Katika maeneo ya mwanzo panya hawakumsumbua tena. Karibu kila baragumu lilimletea windo, na cheo chake kikapanda.

Hatimaye alifika kwenye visiwa vya makabila. Huko kuna makabila matatu ya panya: Derr wa machangani, Nerg wa nyandani na Elub wa ufuoni. Kila kabila lina jibini yake mahususi, ambayo mwindaji huiandaa kwa viungo vinavyopatikana visiwani humo. Aliandaa jibini ya Elub kwa gharama kubwa, akatega chuma chake cha miiba ufuoni, akalala. Alipoamka alikuta taarifa za usiku mzima zikifanana: panya alikuja, panya hakunaswa, panya aliiba jibini. Katika taarifa nyingine, panya alikuja, hakunaswa, akaondoka na dhahabu. Alidhani ni bahati mbaya. Akaongeza kitako chenye nguvu zaidi, akaandaa jibini nyingine, akarudia. Matokeo hayakubadilika.

Sababu ilikuwa bayana kwa yeyote aliyewahi kupita hapo. Panya wa Elub hushindwa kwa silaha za maji. Wale wa Nerg hushindwa kwa silaha za mbinu. Ni Derr peke yao walioumbwa washindwe kwa mabavu. Katika mchezo huu nguvu ya silaha huzidishwa kwanza kwa kadiri inavyomfaa panya husika, na iwapo kadiri hiyo ni sufuri, basi sufuri mara elfu tatu ni sufuri, na sufuri mara elfu thelathini ni sufuri vilevile. Chuma chake hakikuwa kibovu. Kilikuwa kimepelekwa kwa panya asiye wake.

Baada ya hasara hiyo aliamua kuchagua kisomi. Alichora jedwali katika daftari, kila silaha katika mstari wake na kila sifa katika safu yake. Alisoma pia kuhusu kanuni ambayo wachezaji wenye kupenda hesabu walikuwa wameikokotoa kutokana na kumbukumbu za mawindo mengi. Kiini cha kanuni hiyo si kigumu. Nguvu ya mtego hugawanywa kwa jumla ya nguvu ya mtego na nguvu ya panya, na jibu huwa ndiyo nafasi ya kumnasa. Kwa mfano, mtego wa nguvu 3,000 ukikabiliana na panya wa nguvu 300, humnasa takriban mara 91 katika kila mara 100. Nguvu ikiongezwa maradufu hadi 6,000, matokeo hupanda hadi 95 tu. Mtu ametumia dhahabu ya mwezi mzima kwa ajili ya panya wanne zaidi.

Bahati nayo huingia kwa njia tofauti. Pale ambapo silaha inamfaa panya sawasawa, bahati huzidishwa yenyewe kwa yenyewe, kisha mara mbili, halafu hujumlishwa kwenye nguvu kabla ya kugawanya. Ndiposa sifa inayoonekana ndogo ikageuka kuwa kubwa. Dhidi ya panya wa nguvu 6,000, silaha yenye nguvu 4,500 na bahati 10 humnasa takriban mara 45 katika 100. Silaha yenye nguvu 3,000 pekee, lakini yenye bahati 30, humnasa mara 53. Anayelinganisha kwa kutazama nguvu tu atanunua ile ya kwanza, tena kwa furaha. Hali kadhalika, mvuto si jambo la kupuuzwa. Panya asiyekuja hanaswi hata na mtego wa ajabu, na jibini inayomngoja huweza kuchacha bure.

Jedwali hilo lilimletea sifa bwenini. Wenzake walimjia kumwuliza wanunue nini, naye akawajibu kama mwalimu. Mwezi wa Septemba, mhadhiri wa isimu alipoagiza kila mwanafunzi aandike makala ya semina kuhusu istilahi za uwanja mmoja wa kisasa, hakusita: alichagua mitego ya mchezo huu. Ni katika mwezi huo huo ambapo nyanya yake alimpigia simu.

Nyanya huyo anaishi upande wa Lunga Lunga, kusini mwa Kwale, si mbali na mpaka wa Tanzania. Baada ya salamu, na baada ya kuuliza kama mjukuu anakula vizuri, alimweleza shida yake. "Mjukuu wangu, panya wameingia darini. Wanakula mbegu. Huko mjini hawauzi mitego?" Mbegu alizozitaja ni mahindi ya kienyeji ambayo yeye na marehemu mumewe walikuwa wakiyachagua kila mavuno kwa miaka mingi, magunzi makubwa yakitengwa na kuhifadhiwa kwa ajili ya masika. Mjukuu alijibu kwamba mitego imejaa tele, na kwamba atamletea mmoja chuo kitakapofungwa. Angeweza kuununua siku hiyo na kuutuma kwa basi. Hakufanya hivyo. Jioni ile alikuwa akilinganisha vitako viwili.

Chuo kilifungwa mwezi wa Desemba. Alipofika Mombasa aliingia katika duka la vifaa vya chuma na kuuliza mtego wa panya. Muuzaji alimpa aina tatu: mdogo wa ubao, wa wastani, na mkubwa wa chuma ambao springi yake ilihitaji mikono miwili kuifungua. Bila kufikiri sana alichukua ule mkubwa. Ulikuwa ghali kuliko ile mingine miwili ikijumlishwa, naye aliubeba kwa fahari katika kivuko cha Likoni na ndani ya matatu hadi nyumbani. Usiku huo aliutega katikati ya dari, akaweka kipande kikubwa cha mkate kuwa chambo.

Asubuhi mkate haukuwapo. Mtego ulikuwa wazi vilevile alivyouacha, haukufyatuka. Usiku wa pili alitumia samaki mkavu. Samaki akaliwa, mtego ukabaki wazi. Usiku wa tatu na wa nne mambo yalikuwa yayo hayo. Alipouhamisha mtego ili kuukagua, alikiona alichokuwa akikiogopa. Magunzi ya chini yalikuwa matupu. Mbegu iliyokuwa pishi nane wakati wa mavuno haikufika pishi tatu. Nyanya alizipima mwenyewe, kibaba baada ya kibaba, wala hakusema neno.

Alipomaliza kupima ndipo alipouliza: "Huyo panya wako umemwona?"

Mjukuu alikiri kwamba hakumwona.

"Sasa unamtega nani?"

Bi mkubwa huyo alichukua unga kidogo, akaunyunyiza sakafuni mwa dari kandokando ya ukuta, kisha akashuka kulala. Alfajiri walipanda pamoja na taa. Juu ya unga kulikuwa na njia nyembamba ya nyayo ndogo mno, iliyofuata ukuta kutoka pembe moja hadi nyingine na isiyokaribia katikati hata kidogo, isipokuwa pale ilipoelekea kwenye chambo. Kando yake kulikuwa na mavi yasiyozidi punje za mchele. "Hawa si buku," alisema. "Hawa ni vipanya. Chuma chako kinangoja mnyama mzito. Kipanya anakipanda, anakula, anashuka, nacho hakina habari."

Kijana alisimama pale na taa mkononi. Mbele yake alikuwa anauona upya ufuo wa Elub: nguvu nyingi, panya asiyehusika, chambo kinachotoweka kila usiku, na mtegaji anayelaumu bahati. Tofauti ilikuwa moja tu. Kule alipoteza jibini isiyokuwapo duniani. Hapa zilikuwa zimepotea pishi tano za mbegu ambazo hakuna duka lingeweza kumrudishia, na nyingi katika hizo zilikuwa zimeliwa kati ya Septemba na Desemba, wakati yeye akiwashauri wenzake kuhusu mitego.

Siku hiyo walinunua mitego minne midogo ya ubao katika soko la Lunga Lunga. Yote minne ilikuwa na bei ndogo kuliko ule mmoja wa chuma. Nyanya aliipanga mwenyewe, ikigusana na ukuta, ulimi wa kila mmoja ukielekezwa ukutani mahali kipanya anapopita. Badala ya mkate au samaki, alibanika vipande vya nazi hadi vikatoa harufu, akavifunga kwa uzi kwenye ulimi ili asiyefyatua mtego asiambulie kitu. Usiku wa kwanza vilinaswa vipanya viwili, usiku wa pili vitatu. Kufikia mwisho wa juma vilikuwa kumi na kimoja, na unga uliomwagwa upya ukabaki laini bila nyayo. Pishi zilizosalia zilihamishiwa katika mtungi wenye kifuniko.

Jioni zile, wakiwa wamekaa barazani, mjukuu alimweleza nyanya kuhusu mchezo wake, na kuhusu makala aliyotakiwa kuandika. Alimwuliza majina. Kwa nyanya, neno mtego lilikuwa ni mlango tu wa kuingilia nyumba kubwa. Kilichotengenezwa kwa kamba ni kitanzi. Shimo linalofunikwa kwa majani ni rima. Utomvu unaonata wa kunasia ndege ni ulimbo. Baharini kuna dema la kuwekwa kwenye miamba, na kuna uzio unaowazuia samaki maji yanapokupwa. Fimbo inayopindwa ili ifyatuke ni mtambo. Mtego hutegwa, hunasa, hufyatuka, na ukitaka kuuondolea hatari huuteguliwa na yule aliyeutega. "Na kitendawili je?" akauliza nyanya, akicheka. "Si nacho hutegwa na kuteguliwa?" Kila neno alilolitaja, aliligusia na kiumbe wake. Hakusema rima bila kumtaja mnyama, wala dema bila samaki.

Kijana alifungua daftari lake. Katika makala aliyokuwa ameanza kuandika, silaha zote za mchezo alikuwa ameziita mitego, akazitofautisha kwa nambari za nguvu. Ilimpasa aanze upya. Bunduki ya chusa inayotumiwa dhidi ya panya wa baharini haikuweza kubeba jina moja na wavu unaorushwa, wala tanzi la kuviziwa njiani haliwezi kuitwa kama chuma kinachoanguka. Aliona kwamba lugha ilikuwa imeshafanya ulinganisho wake wa zana kabla yake, na kwamba ulinganisho huo ulianzia kwa anayewindwa, si kwa kinachowinda.

Alirejea chuoni mwezi wa Januari, akaisoma makala yake katika semina. Mhadhiri alimwuliza maswali mengi kuhusu neno mizungu, na iwapo linafaa kwa silaha za kichawi au lina uzito wa jando na unyago ambao mchezo hauna. Mjadala huo haukuisha siku hiyo. Mwanafunzi mmoja alitaka kujua kama ni halali msomi wa Kiswahili kupoteza muda katika mchezo wa panya. Alijibu kwamba halali au haramu hategemei kuijua, ila muda alioupoteza anaweza kuutaja kwa pishi.

Bado hucheza, ingawa baragumu hulipiga mara chache sasa. Wenzake bado humjia wakiwa na swali lile lile: ipi bora, hii au hii? Jedwali lake wangali wanaliomba. Walichokigundua ni kwamba limebadilika. Safu ya nguvu, iliyokuwa ya kwanza, imesogezwa hadi ya tano, nyuma ya aina, bahati na mvuto. Safu ya kwanza kabisa sasa haina nambari. Ina majina ya panya, na asiyejua jina la panya anayemkusudia huombwa aende akamtazame kwanza, ndipo arudi.

Masika yalipoingia, nyanya alipiga simu kusema kwamba amepanda. Kipande cha shamba kilichozoea mbegu ile kilikuwa kimepandwa chini ya nusu, na sehemu iliyobaki ametia kunde. Mjukuu aliuliza kama darini kuna nyayo zozote. Nyanya alijibu kwamba hakuna, lakini mitego bado ipo ukutani, na nazi huibadilisha kila Ijumaa.